Mdogo wangu anaishi Roma, nami nataka Mama alale hotelini

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 46, mkazi wa Tabata, nimeolewa na nina watoto watatu. Kwetu tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Baba alishatangulia mbele za haki. Mama ana miaka 72, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na tangu nikiwa mtoto namsikia akisema kabla hajafa afike Roma. Mwaka huu tulivunja kikoba, nikapata fungu langu, nikaongezea na akiba niliyokuwa nayo, nikamwambia: Mama, Oktoba tunakwenda, mwezi wa Rozari. Alilia. Kesho yake jumuiya nzima ilikuwa inajua.

Sasa Shangazi, mdogo wangu anaishi huko huko. Yuko Ostia, upande wa baharini, mwaka wa kumi na moja huu. Ameoa Mtaliano na wana mtoto wa kiume wa miaka sita. Mama aliposikia Roma, kwake ilikuwa wazi kwamba tutafikia kwa mwanawe. Mimi hilo halikunipita kichwani hata kidogo.

Nikueleze kwa nini. Miaka minne iliyopita walikuja Dar kumwonyesha Mama mjukuu. Mama alitoka Morogoro akaja kwangu kuwasubiri. Tulipaka rangi chumba cha watoto, nikanunua godoro jipya na neti, watoto wangu wakahamia sebuleni. Siku ya kufika tumepika pilau, tumekaa, simu inaita: wameshatua, wako kwenye gari, wanaelekea hotelini Masaki. Wiki mbili nzima walilala huko. Kwangu walikuja mara tatu, mchana, na jioni ikifika dereva anapiga honi nje. Ile pilau ya siku ya kwanza ilikaa kwenye hotpoti mpaka saa nne usiku. Mama hakusema neno. Mimi nilisema, tena vibaya. Nilimwambia mdogo wangu kwamba amejifanya mgeni kwao, basi na asishangae akichukuliwa kama mgeni. Tangu siku hiyo tunakutana kwenye grupu la familia tu: heri ya Krismasi, picha ya mtoto, basi.

Kwa hiyo nikatafuta hoteli. Usiku watu wakilala mimi niko kwenye simu nakuza picha za vyumba. Nimepata moja ya nyota tatu mtaa wa Prati, karibu na Vatikani, euro 140 kwa usiku, chumba cha watu wawili, usiku tisa. Nikimwonyesha Mama anasema "pazuri," kisha anauliza: "Kwa mdogo wako hakuna nafasi?" Nilipombana, akanijibu mbele ya wanajumuiya: "Mwanangu yupo, mimi nikalale kwenye kitanda cha kukodi? Watu watasema nini?"

Nikajishusha. Nikamwandikia mdogo wangu kumwomba barua ya mwaliko kwa ajili ya viza, ili angalau Mama aone nimejaribu. Akajibu, "Njooni tu dada, karibuni sana." Kuhusu barua, kimya. Wiki ya tatu sasa. Hapo nimeshaelewa, ni karibu ya mdomoni. Na nyumba yenyewe, aliwahi kuniambia, ni vyumba viwili ghorofa ya tatu, haina lifti. Mama magoti yake mabovu, hata ngazi za kanisani kwetu anapandishwa kwa kushikwa mkono.

Mama mmoja wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) parokiani ameniambia Roma kuna nyumba za masista wanaopokea wageni. Aliyolala yeye walilipa euro 95 watu wawili na chai ya asubuhi, ila lango linafungwa saa tano usiku. Na kuna ajenti Kariakoo anasema nisijisumbue, atanitolea bukingi ya hoteli ya kuonyesha ubalozini kwa shilingi 50,000, pa kulala tutapajua tukishafika.

Mume wangu anasema hela ni yangu, niamue. Mama ameshaanza kufunga mzigo: dagaa wa Kigoma kilo tatu, na samli ya Singida kwenye ndoo ndogo, vyote vya mwanawe. Shangazi, nilipie hoteli nimuudhi Mama, au nikabishe hodi kwa mtu ambaye hakutaka kulala kwangu?

Dada Mkubwa, Tabata

*

Marahaba, Dada Mkubwa. Na hongera. Si kila mtoto anaweza kumliza mama yake kwa furaha.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona swali la hoteli. Mara ya pili nikagundua kwamba Prati umeipa mistari miwili mitatu, ila Masaki umeipa aya nzima, pamoja na rangi ya chumba, neti na saa ambayo pilau ilikaa kwenye hotpoti. Kwa hiyo mezani kuna mambo mawili. Kuna safari ya Mama, yenye magoti yake, viza yake na bajeti yako. Na kuna deni kati yako na mdogo wako, ambalo limejipakia kwenye safari hiyo bila tiketi. Yote mawili ni ya kweli. Wasiwasi wangu ni kwamba la pili ndilo linachagua chumba.

Nianze na kimya cha mdogo wako, maana hapo nadhani umehukumu mapema. Barua ya mwaliko ya Italia haifanani na zile tunazoandikiana sisi, "namkaribisha mama yangu mzazi," sahihi chini, imeisha. Mwenyeji anatamka kwa maandishi kwamba atawalaza kwake, anataja anwani, anaambatisha nakala ya kitambulisho au kibali chake cha kuishi. Na mgeni anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya akishafika, mwenyeji ana saa 48 za kutoa taarifa kwa mamlaka kwamba amemlaza nyumbani kwake. Sasa mfikirie mtu ambaye mkataba wa nyumba uko kwa jina la mkewe, au la mama mkwe. Au kibali chake kiko kwenye foleni ya kuhuishwa. Mtu huyo anaweza kuandika "njooni tu dada" kwa moyo wake wote, halafu akakaa wiki tatu anaiangalia ile karatasi. Na kumweleza dada yake mkubwa habari za vibali na mikataba ni jambo gumu kwa mwanamume yeyote aliyeko ughaibuni, seuze dada ambaye mara ya mwisho alimwita mgeni.

Inawezekana pia wewe ndiye uko sahihi, na hawataki kuwalaza. Kipo kipimo rahisi: muulize swali dogo lenye jibu. Barua anaweza kuitoa? Ikiwa ndiyo, kabla ya tarehe gani? Ikiwa hapana, amekwama wapi? Swali la "mnatutaka au hamtutaki" likipita kwenye WhatsApp litajibiwa kwa kikaragosi cha mikono miwili, na utabaki pale pale.

Na ile Masaki, uliwahi kumuuliza sababu? Sisemi kumlaumu, hilo ulishalifanya. Walikuwa na mtoto wa miaka miwili, mke ambaye hajawahi kuonja joto letu, hofu ya malaria ambayo Wazungu wanaipata tangu kwenye chanjo za safari. Au kweli alipaona kwako hapafai. Sababu ziko nyingi, nzuri na mbaya, na wewe umeishi miaka minne na moja uliyoichagua mwenyewe. Wifi yako kwenye barua yako nzima hana hata neno moja alilosema.

Halafu Mama. Aliulizwa mbele ya wanajumuiya, na akajibu kama anavyopaswa kujibu mama mbele ya wanajumuiya. Ungetegemea aseme nini? Ningekuwa wewe ningemuuliza tena jioni moja, nyumbani, televisheni imezimwa, unampaka dawa ya magoti. Anataka kulala kwa mwanawe? Au kumwona tu? Au kumwogesha mjukuu ambaye alimshika mara tatu akiwa na miaka miwili? Au anaogopa tu maneno ya watu? Kila jibu hapo lina malazi yake, na baadhi ni rahisi kuliko unavyodhani.

Sasa magoti, na hapa naomba uwe mbishi kwa kila mtu, hata kwa Mama mwenyewe. Ostia iko jirani na uwanja wa ndege wa Fiumicino, hiyo ni sifa yake kubwa. Lakini kutoka pale kwenda Vatikani unapanda treni hadi Porta San Paolo, unavuka kwenda kituo cha Piramide, unachukua metro ya B hadi Termini, unabadilisha kwenda A, unashuka Ottaviano, halafu unatembea. Ni zaidi ya saa moja, na si kila kituo kina lifti. Chukua safari ya Mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, iongezee mabadiliko mawili na ngazi katikati, ndiyo hiyo. Papa huwapokea mahujaji Jumatano asubuhi, na anayetaka kiti kizuri hufika mapema sana. Mama atalazimika kutoka Ostia giza bado halijaisha, na jioni zinamsubiri zile ghorofa tatu. Wenzetu ghorofa ya chini wanaihesabu sifuri, kwa hiyo ya tatu ni tatu kamili za kupanda. Mkilala huko siku zote tisa, nahisi Vatikani mtakwenda mara mbili, labda tatu, na siku nyingine Mama atakuwa dirishani na mjukuu wake. Usikimbilie kusema hiyo ni hasara. Muulize kama kwake ni hasara.

(Nakuonya jingine mapema. Karibu na kanisa la San Giovanni iko Scala Santa, ngazi 28 za marumaru ambazo waumini huzipanda kwa magoti. Wanawake wa WAWATA wanazijua. Magoti mabovu au mazima, atakuambia umpeleke.)

Hoteli nayo isikupumbaze kwa picha. Prati ni chaguo la mtu aliyefikiri: ni tambarare, ina barabara pana, na Basilika la Mtakatifu Petro mnalifikia kwa miguu, mkipumzika njiani. Nyota usizitegemee sana, huko zinatolewa kwa kuhesabu huduma na vifaa, hazisemi kama kitanda ni kizuri au kama mtu wa mapokezi ana roho nzuri. La kwako wewe ni ngazi. Hoteli nyingi ndogo za Roma zimo ndani ya majengo ya zamani, zimechukua ghorofa moja au mbili tu, na tangazo linasema "lifti ipo." Ni kweli ipo. Ila unakuta kutoka barabarani kuna ngazi sita za marumaru ndipo uifikie, na yenyewe inabeba watu wawili wakibanana, mabegi yanafuata zamu ya pili. Waandikie, uwaulize hivi: kutoka barabarani hadi kitandani kuna ngazi ngapi? Wakijibu namba, ni watu wa kuaminika. Wakijibu "hakuna shida," endelea kutafuta.

Waulize na bafu. Kama ni beseni la kuogea lenye ukingo mrefu, Mama atauinuaje mguu? Taka lile la kuoga umesimama, lenye kizingiti kifupi. Kwenye vitanda usitosheke na "chumba cha watu wawili," maana kile wanachoita matrimoniale ni kitanda kimoja kikubwa, na vingine ni viwili vilivyosukumwa pamoja chini ya shuka moja. Andika wazi kwamba unataka vitanda viwili vilivyoachana. Birika la umeme chumbani msilitegemee, na asubuhi yao ni kahawa na mikate mitamu. Kama Mama ana dawa za kumeza na chakula, jipangeni. Kitu kimoja kitamfurahisha: karibu kila bafu la Italia lina bideti, beseni la chini lenye bomba lake la kutawazia. Kopo libaki Morogoro.

Kwenye bajeti ongeza kodi ya watalii, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona. Roma, hoteli ya nyota tatu, ni euro 6 kwa kila mtu kwa kila usiku. Nyie wawili, usiku tisa, ni euro 108, kama laki tatu hivi za kwetu, na unalipia pale mapokezi. Uwe pia na kadi ya benki ya kushika mkononi, yenye jina lako. Hoteli nyingi huizuilia kiasi cha amana, na ile kadi ya namba tu ya kwenye simu wanaweza kuikataa.

Masista nimewapenda, sikufichi. Lango kufungwa saa tano litamkera kijana. Mama saa hizo atakuwa kwenye usingizi wa pili. Vitanda kawaida ni vya mtu mmoja mmoja, kikanisa kiko humo humo, na sioni jumuiya itakayomsema mtu aliyelala kwa masista. Lakini nako kuna majengo ya zamani, nako uliza ngazi, na nyumba nyingine wanataka malipo taslimu au malipo ya awali yasiyorudi. Na halitibu lile la mdogo wako. Kwake, dada atakuwa amepita mlangoni akaenda kulala kwingine, hata kama hapo kwingine kuna msalaba ukutani.

Wapo wanaogawanya: usiku wa kwanza na wa pili kwa ndugu, maana ni karibu na uwanja wa ndege na mwili umechoka, kisha kuhamia mjini. Ina mvuto wake. Ina na adha zake: begi la kilo 23 ghorofa tatu kupanda na kushuka, na Mama akishalala na mjukuu kifuani siku mbili, wewe ndiye utakayemwambia tuondoke. Karatasi za viza nazo lazima zionyeshe sehemu zote mbili.

Kwa ajenti wa Kariakoo ndipo nitakuwa mkali, pengine ndipo pekee. Ubalozi unaweza kupiga simu hotelini. Wakikuta bukingi ni ya maonyesho mtanyimwa viza, ada ya euro 90 kwa kila mmoja hairudi, na kunyimwa huko kunakaa miaka mitano kwenye mfumo wa viza wa Schengen, yaani wa zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mama wa miaka 72 hana miaka mitano ya kuchezea na ajenti. Kazi hiyo hiyo inafanywa kihalali na chumba kinachoruhusu kufutwa bure. Huwa kinazidi bei kidogo, na ziada hiyo ndiyo bima ya amani yako. Angalia tarehe ya mwisho ya kufuta, iwe baada ya siku unayotarajia jibu la ubalozi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla, lakini usisogee huko mwisho. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, na likikwama linaweza kufika 45. Na bima ya matibabu ya safari, isiyopungua euro 30,000, ya kila mmoja wenu.

Kwa chumba hicho cha kufutika, mwanangu, hulazimiki kujibu swali lako leo. Unakishikilia, unawasilisha maombi ukiwa msema kweli, na unabaki na wiki kadhaa za kuongea na watu wawili ambao hujaongea nao: Mama akiwa peke yake, na mdogo wako kwa sauti.

Kuhusu hiyo simu. Nimejiuliza siku ile Tabata mliumizwa na nini hasa. Kama angewapigia wiki moja kabla akasema, "Dada, mtoto mdogo, mke wangu anaogopa joto, tutalala Masaki lakini chakula chote tutakula kwako," ungenuna, lakini usingepaka chumba rangi. Mliumia kwa kupigiwa simu gari likiwa barabarani. Sasa wewe ndiye uliye na tiketi na hoteli. Ukimwambia mwezi mmoja kabla kwamba Mama hawezi ghorofa tatu, na kwamba bado unataka kuja kwake, atasikia jambo moja. Akiona picha ya Prati kwenye grupu la familia, atasikia jingine. Na ukijikuta unaichelewesha hiyo simu kwa sababu unataka na yeye aonje, mimi sitakushangaa. Nami nimewahi kuandaa chumba, mgeni asije. Ila ujue ni hilo unalofanya, na ujue Mama atakuwa amekaa katikati yenu na rozari yake.

Namalizia na mzigo. Samaki wakavu wa matumizi ya nyumbani wanaruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya, hadi kilo 20 kwa mtu, kwa hiyo dagaa kilo tatu waende. Nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi, na samli ni maziwa. Mwambie Mama mapema, nyumbani, isije ikachukuliwa Fiumicino akiangalia. Hao dagaa nao wafikisheni Ostia mapema, popote mtakapokuwa mnalala. Chumba cha hoteli hakina jiko, na dagaa wa Kigoma siku tisa ndani ya kabati la nguo, madirisha yamefungwa, unajua mwenyewe.